Bosi amenipandisha mlima, nimeshuka na akili nyingine. Ushauri wakuu

Uzi Mweusi: Wakuu habari za jioni. Nasimamia karakana moja ya ushonaji hapa Moshi. Tuna oda ya sare, shule zinafunguliwa Januari, na mafundi wameanza kusinzia kwenye cherehani. Mwezi wa kumi bosi alitulipia wasimamizi tukapanda Kilimanjaro, njia ya Marangu. Usiku wa kwenda kileleni, juu ya kambi ya Barafu, kichwa kikaniuma, nikaanza kuyumba. Kiongozi akasema shuka. Nikabisha, akanishusha hivyo hivyo, na tulivyozidi kushuka kichwa kikaachia. Sasa naona oda nayo inayumba. Nimwambieje bosi tupunguze? Yeye alifika juu, kila kikao ni mita 5,895, mita 5,895.

Mtoto wa Pasua: Acha kazi mkuu, njoo tuuze mitumba soko la Memorial. Huku hakuna mwinuko.

Mama Njiro: Vijana wa siku hizi mkichoka kidogo tu mnaita ugonjwa. Nimesomesha watoto kwa vitumbua, alfajiri niko jikoni, na hakuna aliyenilipia mlima. Mheshimu bosi wako.

Mgumu wa Machame: Nimebeba mizigo miaka mingi kabla ya kuwa kiongozi, nisikilize. Kichwa kuuma kidogo hakumgeuzi mtu. Tunamwambia atembee mstari ulionyooka. Akiyumba anashuka saa hiyo hiyo, hata awe amelipa dola ngapi. Ila kundi lote haligeuki! Msaidizi anashuka na mgonjwa, wengine wanaendelea. Kwa hiyo usiende kwa bosi na "tumeshindwa". Nenda na orodha: sare zipi zitoke sasa, zipi zingoje. Wanaoanza darasa la kwanza na kidato cha kwanza hawana kitu, waanze wao. Wa zamani wana za mwaka jana. Halafu saa ya kugeuka tunakubaliana kambini, watu wakiwa na akili zao. Kule juu kila mtu anaona kilele kiko hapo tu. Hivi tarehe ya kukabidhi aliitaja nani?

Uzi Mweusi: Hilo si la msingi mkuu.

Mgumu wa Machame: Ndilo lenyewe.

Uzi Mweusi: Haya, mimi. Mwalimu mkuu alikuwa radhi hata mwisho wa Januari, nikamwambia kabla ya kufungua, tusinyang'anywe oda. Jana nimempigia kwamba nusu itachelewa. Bosi hajui. Na mafundi wawili nimewaruhusu wakapumzike kwao Rombo. Mmoja sindano imempitia kidole, mlitaka nimkatalie?

Sekei Mrefu: Ngojeni kwanza. CHAI HII! Wa Marangu analala Mandara, Horombo, Kibo. Barafu ni kambi ya watu wa Machame. Ulipanda mlima wa sebuleni?

Mtoto wa Pasua: Chai bila chapati mnatuonea.

Mgumu wa Machame: Hata mimi hiyo Barafu ilinishtua, nikanyamaza.

Uzi Mweusi: Ni Machame. Nilibadilisha njia makusudi, wenzangu wa kazini wamo humu. Kambi nikasahau kuibadilisha.

Sekei Mrefu: Njia ya mwongo fupi, hata ikiwa ya Machame. Na mwalimu mkuu naye umembadilisha?

Mama Njiro: Mwacheni. Huyo aliyechomwa sindano ametibiwa?

Uzi Mweusi: Shikamoo mama. Ametibiwa, anaendelea vizuri.

Mama Njiro: Marahaba. Wewe sasa mpigie bosi.

Mgumu wa Machame: Leo, kabla mwalimu hajampigia.

Uzi Mweusi: Bosi namjua mimi. Nikimwambia, atauliza kwa nini nilianza na mwalimu. Akisikia kwa mwalimu, atadhani shule ndiyo iliyoomba kusogeza. Nimelifikiria sana hili.

Sekei Mrefu: Hapo nimeamini ni kweli. Hakuna anayeweza kukaa akatunga ujinga wa namna hii.

Mama Njiro: Sketi ya darasa la kwanza mnafanya shilingi ngapi? Nina mjukuu.

Mtoto wa Pasua: Anaanza Januari au Machi?