SHOTI YA UMEME KWENYE PANTONI?! Huyu mwandishi anatuonaje?

Wakuu, nimemaliza kusoma sasa hivi, mikono inatetemeka. Ni yule yule mnayemjua, wa simulizi za saa tatu usiku, wa "sehemu ya mwisho lipia buku". Nimelipia! Sehemu 63 nimemlilia Zuhura kama mwanangu wa kumzaa. Bwana kauza kiwanja cha Zuhura, kaoa shoga yake, kamwacha na mimba. Miaka mitatu Zuhura anakaanga mihogo alee mtoto. Leo wanakutana kwenye pantoni ya Kigamboni, eti "macho yakagongana, shoti ya umeme ikampita utosini hadi unyayoni". Kamsamehe!

Shoti! Pale mnavuka dakika chache tu. Pantoni imeng'oa Kigamboni Zuhura ana donda, imegusa Magogoni ana pete. Kiwanja? Kimya. Yule shoga mwizi? Kimya. Mtoto hata hajatajwa jina!

Mume wangu enzi za uchumba alikuwa akimenya embe, minofu yote ananipa, yeye anafyonza kokwa. Hasemi kitu. Hapo ndipo nilipokwisha. Bwana angerudi na hati ya kiwanja mkononi, Zuhura amfungie mlango hata sehemu tano, ningelia mwenyewe. Lakini shoti? SHOTI?

Mgosi wa Kwamsisi: Buku umetoa mwenyewe, kelele za nini? Ibandike hapa tusome bure.

Mama Swaumu: Mwacheni dada wa watu. Mimi kaniudhi yule wa simulizi za asubuhi. Daktari kampenda mgonjwa mahututi, hajafumbua hata jicho! Kapendea nini, dripu?

Kijana wa Feri: Mimi sielewi hiyo pete. Bodaboda zimekukanyaga, muuza karanga anakupita kwapani, goti unalipigia wapi?

Mgosi wa Kwamsisi: Halafu huyo bwana si alinunua gari, Harrier, kwa hela ya kiwanja? Angepita daraja la Kigamboni.

Kijana wa Feri: Darajani tangu 2016 ni tozo, mkuu. Ukienda na kurudi kila siku, mshahara unaishia pale.

Mama Swaumu: Bora nyie mna magari. Juzi asubuhi nimesimama kwenye foleni ya pantoni mpaka samaki wangu wakaanza kunuka.

Mleta uzi: Jamani, turudi kwenye shoti!

Mgosi wa Kwamsisi: Samaki gani hao, Mama Swaumu? Changu unauzaje?