Manunuzi ya Mama

Dada Mkubwa, saa 12:40 asubuhi
Shikamoo Shangazi, shikamoo Mama. Ndugu zangu, kesho Jumamosi ni siku ya manunuzi ya Mama, na hadi sasa waliotuma zile shilingi 20,000 ni watatu kati yetu saba. Naomba safari hii tusinunue sembe. Mama anahitaji dona, na kwa kuwa mafuta ya kiini cha mahindi huifanya iharibike mapema, tumsagie kilo 5 tu kwa mara moja.

Dada Mkubwa, saa 1:15 asubuhi
Dagaa tuwafuate mwaloni Kirumba, kwenye soko la samaki, sasa usiku ungali na giza, kwa sababu mbalamwezi ikishaanza wavuvi wa taa hupata kidogo na bei hupanda. Tuchague waliokaushwa juu ya chanja, wasio na mchanga, kisha tuwasage pamoja na mifupa yao, maana kalsiamu imo humo na meno ya Mama hayamruhusu kutafuna.

Mdogo wa Igoma, saa 3:02 asubuhi
Dada, dagaa wote wakisagwa, yule paka wa Mama atakula nini? 😂

Binamu wa Nyamanoro, saa 3:04 asubuhi
Paka huyo ndiye aliyenenepa kuliko Mama 😂

Dada Mkubwa, saa 3:10 asubuhi
Tafadhalini, nazungumzia presha ya Mama. Chumvi ya siku nzima, kwa mapendekezo ya Shirika la Afya Duniani, isifike gramu 5, yaani kijiko kimoja cha chai, nanyi mnamletea vidonge vya mchuzi vilivyojaa chumvi. Nyanya, kitunguu na karanga za kusaga vinatosha kuunga mchicha.

Kaka wa Buhongwa, saa 7:30 mchana
Nitatuma, lakini ningependa kwanza tuelezwe lile gunia la mchele wa Magu liliishia wapi, kwani nami nililichangia.

Dada Mkubwa, saa 7:31 mchana
Kaka, hata leo?

Mama, saa 9:05 alasiri
Wanangu, marahaba. Mjukuu amenisomea yote na ndiye anayeniandikia. Dona na dagaa nimevikubali, lakini tangu baba yenu alipokuwa hai sijawahi kuletewa kikapu ambacho sikuulizwa kina nini. Nataka sato mmoja mbichi, nimchague mwenyewe kwa kumtazama macho na mashavu, na mlenda wa kulia ugali. Habari ya gunia sitaki kuisikia tena.

Shangazi, saa 11:48 jioni
Wifi yangu ameshasema.

Kaka wa Buhongwa, saa 12:20 jioni
Nisamehe, Mama. Nimetuma 10,000; nyingine nitaimalizia.

Dada Mkubwa, saa 12:22 jioni
Tumekusikia, Mama. Sasa nani atampeleka mwaloni mapema, kabla jua halijawa kali? Mimi niko kazini hadi saa 8 mchana.

Mdogo wa Igoma, saa 3:40 usiku
Nitajibu nikishaijua zamu yangu ya kesho.