MREJESHO: Nyasi kavu za msimu wa baridi, Stardew Valley (mchezo wa video wa kilimo)

Wakuu, nawasalimu kutoka Masasi. Niliuliza jinsi ya kulisha ng'ombe 8 na kuku 8 siku zote 28 za baridi. Ahsanteni sana, mifugo yote ipo hai na haikununa.

Hesabu mliyonipa ndiyo msingi: mnyama mmoja anakula fungu 1 la nyasi kavu kwa siku, kwa hiyo 16 × 28 ni 448. Sailo (ghala la nyasi kavu) moja inabeba mafungu 240 tu. Nimejenga ya pili (mawe 100, udongo wa mfinyanzi 10, shaba iliyoyeyushwa 5, na 100g, yaani dhahabu, pesa ya mchezo). Ijengeni kabla ya kufyeka, maana sailo ikijaa nyasi unazokata zinapotea bure.

Ujanja wa kusimika nguzo ya uzio juu ya shina la nyasi umefanya kazi kuliko yote. Ng'ombe hawafikii shina la chini ya nguzo, nalo linaendelea kusambaa pembeni. Siku ya 28 ya vuli nikafyeka zote zilizobaki.

Ngano imeniangusha kidogo. Mashina 60 yametoa mafungu 21 ya nyasi kavu (nafasi ya kupata fungu ni 40% kwa kila shina). Itumieni kama nyongeza tu.

Niliingia baridi na mafungu 371, pungufu 77. Nikanunua kwa Marnie, muuza mifugo wa mchezoni, kwa 50g kila moja, jumla 3,850g. Sisi wa kusini tunajua kiangazi kirefu, ila hii baridi ya siku 28 ni balaa! Mwaka ujao nguzo zinasimikwa tangu siku ya kwanza ya masika.