Hoteli ikitaka kusaidia kijiji, pesa ipite mkono wa nani?

Mwalimu wa Kusini

Assalaamu alaykum wanabaraza. Jambo hili limenikaa rohoni tangu bamvua lililopita, zile siku maji yanapojaa na kukupwa sana, naliweka hapa tulijadili bila ya jazba.

Kijijini kwetu, pwani ya mashariki ya Unguja, kuna friza kubwa nyeupe. Ililetwa na hoteli moja ya jirani, sina haja ya kuitaja, kwa ajili ya kina mama wanaokwenda pwani kuchokoa pweza. Fikra yenyewe nzuri. Bamvua likiwa kubwa pweza ni wengi na bei inaanguka. Ukiweza kuwagandisha mpaka maji mafu, siku ambazo bahari haikupwi sana, utauza kwa bei yako. Siku ya makabidhiano alikuja mgeni rasmi, tukagaiwa fulana, na wanafunzi wangu wa darasa la tano walisimama juani saa mbili wakimngoja ili waimbe. Picha zikapigwa.

Leo ndani ya friza hiyo mna nyavu kuukuu na viatu vya plastiki vya kwendea pwani. Umeme wa Tukuza, huu wa kulipia kabla ya kutumia, hauji kwa dua, na hakuna aliyeuliza nani atanunua yuniti. Kina mama walichanga miezi miwili, wakachoka. Kibandiko chenye nembo ya hoteli bado kinang'ara.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba kina mama hao wana jumuiya yao iliyosajiliwa, ina katibu, mshika fedha na daftari. Hoteli haikuwapigia hodi. Ilikwenda kwa sheha, kiongozi wa serikali wa hapa mtaani, sheha akaonesha chumba, basi.

Hoja yangu: kampuni inayotaka kurudisha kwa jamii ishirikiane na jumuiya isiyo ya faida iliyopo pale pale, kwa mkataba wa maandishi wa miaka si chini ya mitatu, na gharama za uendeshaji ziwemo tangu mwanzo. Hili si geni kwetu. Mtu wa zamani akiweka wakfu msikiti, aliuwekea na shamba la minazi au nyumba ya kupangisha Mji Mkongwe, ili mapato yake yanunue mafuta ya taa na mikeka. Na aliteua msimamizi. Sisi tunapokea msikiti bila ya minazi, halafu tunashangaa giza.

Mnasemaje?

Mhasibu Mstaafu

Mwalimu, umesema kweli nusu. Nimepekua madaftari ya jumuiya nyingi katika umri wangu. Nyengine zina watu wa kweli na kazi ya kweli. Nyengine zilisajiliwa vizuri tu chini ya Sheria ya Jumuiya Namba 6 ya 1995, lakini zinaishi mkobani mwa mtu mmoja: mwenyekiti yeye, katibu mkewe, mshika fedha mtoto wa dadaake. Meneja mgeni, aliyefika juzi, atazitenganisha vipi? Sheha angalau anajulikana anapolala.

Tazameni India. Sheria yao ya makampuni ya 2013 inazitaka kampuni kubwa zitumie angalau asilimia 2 ya wastani wa faida ya miaka mitatu kwa shughuli za jamii. Kampuni inaweza kupitishia kwa jumuiya, lakini jumuiya hiyo iwe na rekodi ya kazi ya miaka mitatu. Mimi naunga mkono ushirikiano wenye sharti kama hilo. Bila ya sharti, tutahamisha picha kutoka kwa sheha kwenda kwa mwenyekiti.

Bi Mwani

Nyie mnazungumza sheria, mie nazungumza bei. Hoteli ya kwetu kila mwaka inawapa vijana jezi kupitia jumuiya ya michezo. Ahsante, jezi nzuri. Lakini nyanya, mayai na hata mchicha vinashuka kwenye gari kutoka mbali, na sisi tuko hapa hapa tunalima. Na ile njia yetu ya kwendea pwani tangu zama za bibi zetu imezibwa kwa ukuta. Siku ya kuvuna mwani tunazunguka na magunia mabichi kichwani. Jezi haziliki. Wakitaka ubia na jumuiya, waanze kwa kununua na kwa kutufungulia njia. Hayo hayahitaji mgeni rasmi.

Mpemba wa Wete

Bi Mwani, hapo umenikosha.

Mimi naleta mfano wa kwetu Pemba, kisiwa kidogo cha Misali. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 kulikuwa na mpango wa kukifanya kisiwa kile cha hoteli. Wavuvi waliukataa. Wanakipenda si kwa samaki tu. Wazee wanasimulia kwamba Nabii Khidhri aliomba msala, yaani mkeka wa kusalia, haukupatikana, akasema kisiwa chenyewe kitakuwa msala kwa vile kimeelekea kibla. Mwaka 1998 kikatangazwa hifadhi, wavuvi wakawa na jumuiya yao ndani ya uendeshaji, na hata uvuvi wa baruti ukakemewa kwa mafunzo ya dini, jambo ambalo karatasi za wizara peke yake zisingeliweza. Kwenye msitu wa Jozani, Unguja, nako sehemu ya viingilio vya watalii hufika kwenye vijiji vinavyouzunguka msitu, maana kima punju wanakula mazao ya wenyewe.

Ila nina dukuduku. Hoteli zikiwa Nungwi na Paje, hisani nayo inalala Nungwi na Paje. Micheweni, huku kwetu Pemba, tutarudishiwa na nani, na hatuna hoteli wala kiwanda? Morisi nao ni visiwa kama sisi. Tangu 2009 kampuni zao zinatakiwa kutenga asilimia 2 ya faida kwa ajili ya jamii, na kuanzia 2017 sehemu ya pesa hiyo inakusanywa na mamlaka ya kodi, inapelekwa kwenye mfuko wa taifa unaozigaia jumuiya. Kwa nini sisi tusifanye hivyo?

Mhasibu Mstaafu

Yakhe, ikishakusanywa na mamlaka ya kodi hiyo ni kodi, tuiite jina lake. Meneja atasema nimeshalipa, na hatogeuza tena uso kumtazama jirani yake.

Na Misali ilijengwa zaidi kwa pesa za wafadhili, si za kampuni. Ukitaka mfano wa kampuni, sema Chumbe: kisiwa hifadhi tangu 1994, kampuni binafsi inakiendesha, walinzi wake wa mwanzo walikuwa wavuvi wa vijiji jirani, na pesa ya wageni wa zile nyumba saba ndiyo inayolinda matumbawe na kuwapeleka wanafunzi kuyaona. Hiyo ndiyo minazi ya Mwalimu.

Mpemba wa Wete

Chumbe nakubali. Lakini Chumbe ngapi zipo? Suala langu la Micheweni hujalijibu.

Mwalimu wa Kusini

Hajalijibu, na mimi pia sina jibu lake. Pengine wafungue mlango kampuni za simu na mabenki, maana wateja wao wamo mpaka Micheweni.

Bi Mwani, umenirekebisha. Nilikuwa nahangaika na nani apokee, nikasahau kuuliza wanatununulia nini. Juzi baada ya alasiri nilikaa na kina mama, tukaandika barua kwa ile hoteli. Hatukuomba kitu kipya. Tumeomba yuniti za miezi kumi na mbili, na jiko lao lichukue pweza wa jumuiya kila maji mafu kwa bei tutakayokubaliana. Pesa ya pweza ndiyo itakayonunua yuniti za mwaka wa pili.

Mhasibu, kama upo karibu njoo ulikague daftari lao. Hutachoka, humo friza ina kurasa mbili tu.