Udongo unanuka dizeli, kiwanda kiko jirani, napanda mboga au naacha?

Wakuu habari zenu. Nina kiwanja kimepakana na kiwanda cha zamani kilichokuwa na matangi ya dizeli chini ya ardhi. Ukichimba kidogo tu harufu inakupiga, udongo mweusi, ukimwagia maji yanakaa juu matone matone hayazami. Nataka bustani ya mboga na kuna kisima hapohapo. Mmoja ananiambia nimwage sabuni, mwingine nichome, mwingine nifukie kwa udongo mpya. Nifanye lipi?

Jibu 1
Mkuu sabuni hapana, inayaachisha mafuta kwenye udongo yanashuka na maji huko chini kwenye kisima. Kuchoma ndo kabisa usithubutu, moto usiokamilika unazalisha zile haidrokaboni nzito za kwenye masizi na baadhi yake zinaleta kansa. Na maji ya hicho kisima acheni kunywa mpaka yapimwe, kuyachemsha hakusaidii, mtavuta tu ule mvuke. Kama kiwanda kiliweka na petroli basi kuna benzini (kemikali ya sumu iliyomo kwenye petroli), hiyo inayeyuka kwenye maji kirahisi, WHO wanaruhusu mikrogramu 10 tu kwa lita. Ogoniland, eneo lililochafuliwa na mafuta kule Nigeria, ripoti ya UNEP (shirika la mazingira la Umoja wa Mataifa) ya 2011 ilikuta watu wanakunywa maji ya visima yenye zaidi ya mara 900 ya hapo. Inauma sana.

Jibu 2
Naongezea. Udongo una bakteria wake wanaokula mafuta, shida wanakosa hewa na chakula kingine, maana mafuta yana kaboni nyingi ila nitrojeni karibu hakuna, ndo maana hata majani yanayoota hapo yanakuwa manjano. Wataalamu wanapenda uwiano wa kaboni 100, nitrojeni 10, fosforasi 1. Meli ya Exxon Valdez ilipomwaga mafuta Alaska 1989 waliweka mbolea ufukweni na kazi ikaenda haraka. Kwahiyo weka samadi, pindua udongo mara kwa mara, uwe na unyevu ila usituame maji. Dizeli ni miezi, lami na oili nzito ni miaka. Ila hii ni kwa udongo wa juu tu, na kama tangi bado linavuja unajichosha bure.

Muuliza swali
Asanteni sana. Na kufukia je?

Jibu 1
Mvuke utapanda na mizizi itashuka, hujatatua kitu. Ukitaka mboga sasa hivi panda kwenye matuta ya kuinua yenye kitako kilichozibwa, udongo utoe mbali.

Jibu 3
Mwambie na maabara wapime madini ya risasi (lead), kama palimwagwa oili chafu ya injini inakuwa na metali, na metali bakteria hawazili. Sampuli chukua kina tofauti tofauti, weka kwenye chupa ya kioo sio plastiki, jaza mpaka juu ufunge palepale uweke kwenye barafu, ukiiacha juani vile vyepesi vya kwenye mafuta vinapaa na majibu yatakudanganya pako safi.