Mrejesho: hoho za kwenye ndoo, pitimosi au vumbi la makumbi

Wakuu, ni yule niliyeuliza kama nipandie hoho kwenye pitimosi ya dukani (mabaki ya mimea ya kinamasi yaliyooza, hutumika badala ya udongo) au vumbi la makumbi ya nazi. Asanteni sana. Nilijaribu vyote, ndoo sita sita.

Aliyesema nioshe makumbi kwanza alikuwa sahihi. Mimi mbishi, nikaosha ya ndoo nne tu. Kwenye zile mbili ambazo sikuosha, ncha za majani ziliungua kwa chumvi ya makumbi, mche mmoja ukafa. Yaliyooshwa maji matatu na kulowekwa usiku kucha kwenye maji yenye mbolea ya kalsiamu naitreti, hoho zinazaa.

Pitimosi niliitia chokaa kupunguza uchachu, ikaenda vizuri. Ila nilisafiri ikakauka kabisa. Maji yakawa yanateleza pembeni kama juu ya nailoni, hadi nikazamisha ndoo kwenye beseni. Msimu ujao ni makumbi.