Msaada wakuu: kipimo gani cha haiba kinafaa kumchagua msimamizi wa ghala?

MtuWaGhala:
Habari zenu wakuu. Kazini kuna nafasi ya msimamizi wa ghala la vifaa vya ujenzi, wagombea ni wawili, wote wa ndani. Bosi anaogopa lawama, anataka "kitu cha kisayansi" ifikapo Jumatatu. Nipo njia panda kati ya MBTI, ile fomu inayompa mtu herufi nne za haiba yake, na Sifa Kuu Tano. Ipi inaaminika? Naomba majibu ya kitaalamu. Usingizi sina.

MizaniHuru:
MBTI iache mkuu. Fomu yake ya kawaida ina maswali 93 ya kuchagua moja kati ya mawili, halafu inakata watu katikati: huku introvati (mkimya), kule ekstrovati (mchangamfu). Shida ni kwamba uchangamfu umesambaa kwa watu kama urefu, wengi wako katikati. Aliye karibu na mstari akirudia baada ya wiki chache, herufi inageuka na mtu ni yule yule. Wenye kipimo wenyewe wanasema kisitumike kuajiri.

Sifa Kuu Tano hazigawi watu mafungu, zinatoa viwango: uangalifu, uchangamfu, ukunjufu, utulivu wa hisia na udadisi. Maswali chukua IPIP, benki ya maswali ya haiba aliyoianzisha mwanasaikolojia Lewis Goldberg. Ni mali ya umma, hulipi. Fomu ya maswali 50 ina sentensi 10 kwa kila sifa, majibu 1 hadi 5. Sentensi za kinyume, mfano "Huacha vitu vyangu ovyo", unazigeuza: 6 toa jibu, yaani 5 inakuwa 1. Kwa kazi tazama uangalifu kwanza. Watafiti Barrick na Mount walijumlisha tafiti nyingi mwaka 1991 wakakuta sifa hiyo inahusiana na utendaji katika makundi yote ya kazi waliyoyapima. Ila uhusiano ni mdogo, kama 0.2 kwenye kipimo cha 0 hadi 1. Ukiuzidisha kwa wenyewe unapata 0.04, yaani asilimia 4 tu ya tofauti za utendaji.

BiMkoko:
Tabia haina dawa, na fomu pia haina. Riziki ya mtu mnaiweka kwenye maswali ya Kizungu! Muogopeni Mungu.

Kuli_Mstaafu:
Kipimo ni kimoja: mpe funguo Ijumaa jioni, Jumatatu hesabu saruji 😂

Nyongo_Njano:
Mbona mnazunguka? Kwenye semina za ndoa wanafundisha vizuri tu haiba nne: sangwini, koleriki, melankoli, flegmatiki. Koleriki kazaliwa kiongozi. Tafuta huyo, uzi ufungwe.

Mwl_Takwimu:
Hayo ya Galen, tabibu wa kale wa karne ya 2. Msingi wake ni majimaji manne ya mwili: damu, nyongo ya njano, nyongo nyeusi na kohozi, na tiba ya leo imeshayaweka kando. Mwanasaikolojia Hans Eysenck aliyachora upya juu ya mistari miwili, uchangamfu na msukosuko wa hisia. Kwenye mchoro huo koleriki anaangukia pale uchangamfu ulipo juu na msukosuko ulipo juu. Huyo ndiye mnampa ghala lenye madereva waliolala njiani?

Mtoa mada, hujasema jambo moja. Wameshapimwa au bado? Kwa lugha gani?

MtuWaGhala:
Wameshapimwa, zote mbili. Kiingereza, ndivyo ilivyo mtandaoni. Ya sifa tano ni hiyo ya maswali 50. Dada aliyekuwa anakaimu katoka introvati, na uangalifu kapata 34. Mwenzake ni ekstrovati. Kusema ukweli ghala linataka mtu wa kupaza sauti, malori hayapangwi kwa kunong'ona. Barua nimeshaichapa, imebaki saini. Nilitaka uhakika tu.

MizaniHuru:
Kumbe swali limeshajibiwa, unatafuta muhuri. Itazame basi hiyo 34. Kwenye fomu ya maswali 50, uangalifu una sentensi 6 za moja kwa moja na 4 za kinyume. Mtu asiyeelewa Kiingereza vizuri akakubali kila kitu kwa 5, anapata 6×5 + 4×1 = 34. Mtu huyo huyo kwenye utulivu wa hisia, wenye sentensi 2 za moja kwa moja na 8 za kinyume, anapata 18, na ripoti itamwita mwenye wasiwasi. Fungua majibu yake: kama "napenda mpangilio" ni 5 na "husahau kurudisha vitu mahali pake" pia ni 5, hapo umepima lugha.

Kingo:
Huyo ekstrovati ni nani?

MtuWaGhala:
Sioni inahusiana vipi.

Kingo:
Jibu tu mkuu.

MtuWaGhala:
Ni mimi. Bosi alinipa kazi ya kutafuta kipimo kwa sababu ndiye ninayejua kompyuta. Maswali yalikuwa yale yale, na mashine haimjui mtu kwa jina. Uangalifu nimepata 53. Tofauti si ndogo.

BiMkoko:
Yesu na Maria.

Pilipili_Kichaa:
Hii ni chai, na sukari imezidi. Fomu ya maswali 50, sentensi 10 kwa kila sifa, jibu kubwa ni 5. Ukomo ni 50. Hiyo 53 umeitoa wapi? Halafu bosi gani anampa mgombea aandike barua ya kumkataa mwenzake? Mods funga.

Kuli_Mstaafu:
Nimekaa pale na karanga zangu.

MtuWaGhala:
Sijatunga. Zilikuwa asilimia, tovuti ndivyo ilivyoandika.

Pilipili_Kichaa:
Saa hizi ndiyo zimekuwa asilimia. Haya.

Mwl_Takwimu:
Inawezekana, tovuti nyingi hutoa nafasi kwa mia. Basi hesabu ya MizaniHuru haiihusu hiyo 34 mpaka upate alama ghafi, yaani jumla ya majibu kabla ya kugeuzwa asilimia. Ila 53 hapo haina maana kwamba una uangalifu wa asilimia 53. Maana yake umewazidi watu 53 katika kila 100 waliojaza tovuti hiyo, na hatujui hao ni akina nani. Kwa Kiingereza bila shaka ni wageni wengi, wasioijua kazi ya ghala lenu.

Na mashine haijui jina, lakini wewe unajua swali linataka nini. "Hukwepa majukumu yangu": nani anayeomba usimamizi atajaza 5? Nawe uliyaona maswali kabla ya mwenzako.

MtuWaGhala:
Sawa, lakini ukimya wake haukutoka kwenye fomu, kila mtu anauona. Na Jumatatu haisogei.

MizaniHuru:
Iwe chai au isiwe, muda unatosha kwa jaribio la kazi yenyewe. Chagueni bidhaa 20, kila mmoja ahesabu akiwa peke yake na alinganishe na kadi za stoo. Mpeni hati ya kupokea mzigo yenye upungufu mmoja uliopandwa makusudi, muone kama atasaini. Kisha apange foleni ya malori matatu, mmoja wenu aigize dereva mkali. Hapo mkimya asiyeweza madereva ataonekana, na mpaza sauti asiyehesabu naye ataonekana. Wapimaji wawe wawili, wasio wagombea, kila mmoja aandike alama zake kabla hawajaongea. Fomu ya haiba ikibaki, iwe ya mwisho, na isimkate mtu peke yake.

Nyongo_Njano:
Mimi bado nasema koleriki.

MtuWaGhala:
Na kama nikiyatafsiri yale 50 kwa Kiswahili usiku huu, tukarudia Jumatatu asubuhi?

Mwl_Takwimu:
Mgombea hatafsiri. Mmoja apeleke Kiswahili, mwingine ambaye hajaona asili ayarudishe Kiingereza, mlinganishe sentensi kwa sentensi. Zenye "si" au "mara chache" ndizo huharibika kwanza. Barua iko wapi sasa hivi?

MtuWaGhala:
Kwenye meza ya bosi.